Visanduku Vitupu vya Mashine ya Kusaga

Mume wangu alinunua kompyuta ya mtumba, akapanga hesabu zake ndani ya Ekseli kwa mistari ya rangi, kisha akachukua kikokotoo chake cha betri, akajumlisha pembeni na kuandika jibu kwa kidole kimoja kwenye kisanduku cha chini. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilikuwa mfanyakazi wa duka la steshenari pale Korogwe, karibu na stendi, na yeye alikuwa mteja tu aliyekuja na kompyuta hiyo kuprinti hesabu za mashine yake ya kusaga iliyoko Handeni. Nilicheka mpaka nikalazimika kumwomba radhi. Nikamwonyesha fomula ya kujumlisha.

"Na nani anaihakikisha?" akaniuliza.

Nikamwambia haihitaji kuhakikishwa. Akachukua kikokotoo, akahakikisha, jibu likatoka lile lile, naye akaondoka akiwa hajashawishika hata kidogo. Wiki iliyofuata akarudi na karatasi nyingine za kuprinti, na iliyofuata tena, mpaka mwenye duka akaniuliza kama mashine hiyo inasaga mahindi au inasaga karatasi. Ndivyo nilivyoolewa.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba nilikuwa naujua ubishi wake tangu siku ya kwanza, na sina haki ya kusema nilishtukizwa. Tuliishi Korogwe kwa sababu ya shule za watoto. Mashine ilikuwa kijijini kwao, nje kidogo ya Handeni mjini, kwenye banda la matofali lenye bati lililopauka kwa vumbi la unga. Ilikuwa na kinu cha kusaga na kingine cha kukoboa, na nyuma kulikuwa na chumba cha pumba. Kiangazi wafugaji walikuja kununua pumba za ng'ombe wao, wakazijaza kwenye pikipiki hadi dereva haonekani. Msagaji, mtu mzima wa kijiji hicho hicho, ndiye aliyeishughulikia kila siku, na jioni alimtumia mume wangu ujumbe wa simu: madebe mangapi yamesagwa, mangapi yamekobolewa. Mume wangu aliingiza hesabu hizo kwenye kompyuta baada ya chakula, na kikokotoo chake mkononi. Mimi nilipita nyuma yake nikasonya. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu kwa miaka mingi.

Alifariki kwa presha, asubuhi, akijiandaa kwenda Handeni. Hakulalamika kichwa wala kifua. Alikaa kwenye kiti avae viatu, akavaa kimoja. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Tulimzika kwao. Kijiji kizima kilifunga kazi. Wenye maduka walifunga, mafundi baiskeli walifunga, hata mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye mume wangu alinunua magunia kwake mara chache, alikuja na binti zake wakakaa na wanawake wenzao mpaka maziko yalipokwisha. Mashine ilisaga unga wa msiba siku ile, kisha ikazimwa. Nilisikia ikizimwa nikiwa ndani. Ulikuwa mlio ambao sikuwahi kuusikiliza, na ulipokatika ndipo nilipoanza kulia kwa sauti.

Baadaye nilirudi Korogwe kukaa eda. Kwa wasioifahamu, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa jambo la lazima, hajipambi, hajitii manukato. Mama mkwe wangu alikuja kukaa nami. Ni mama wa Kizigua mwenye maneno machache, na yale machache ni makali. Nilimwogopa kwa miaka yote ya ndoa, na eda ile ndiyo iliyonifanya nimpende.

Kabla wanaume wa ukoo walionisindikiza Korogwe hawajatawanyika, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliomba kuzungumza nasi. Alikaa sebuleni akaeleza bila kuzunguka kwamba mali ya marehemu itagawanywa kwa sheria ya mirathi, kwamba nyumba hakuna wa kuigusa, lakini mashine ya Handeni yeye anaona iuzwe na fungu la watoto liwekwe mahali salama. Mwenye mashine hayupo tena, akasema, na mjane hawezi kuwa Korogwe na kusimamia kazi ya Handeni.

Nilimjibu kwa ukali usiostahili mbele ya mama mkwe. Nilisema mashine ile ndiyo jasho la mume wangu, na kwamba watu wana haraka ya kuuza kuliko walivyokuwa na haraka ya kufukia.

Shemeji hakukasirika. Ni mtu wa taratibu, na siku hiyo utaratibu wake uliniudhi kuliko tusi. "Shemeji," akasema, "mimi simtaki mnunuzi, nautaka ukweli. Kama mashine inajilisha, ibaki, nami nitakusaidia kuisimamia. Kama inawala watoto, tuiuze. Wewe unaijua kompyuta. Tukikutana baada ya eda, tuonyeshe kwa hesabu."

Nikakubali palepale. Moyoni nilimwona amejifunga kamba mwenyewe. Nani angenishinda kwenye Ekseli, katika ukoo ule?

Nikafungua kompyuta ya marehemu, na kwa wiki nzima ya kwanza sikufanya kitu isipokuwa kumgombeza. Kila mwezi alikuwa ameufanyia jedwali lake, na kila jedwali lilikuwa na sura yake. Mwezi mmoja tarehe ziko kushoto, mwezi mwingine ziko juu. Alipenda kuunganisha visanduku viwe kimoja kipana ili aandike kichwa cha habari katikati, kwa rangi ya machungwa, jambo linalopendeza macho na kuvuruga kila fomula. Umeme aliuandika "umeme", mahali pengine "luku", pengine "tokeni", na mara moja, Mungu amrehemu, "wale jamaa". Kompyuta haijui kwamba wale jamaa ni umeme. Ukiiambia ikujumlishie umeme wote, itajumlisha uliouita umeme, na mengine itayaacha bila kukuambia.

Msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari kila mtu anaujua, na wenye maduka wengine wameubandika ukutani. Hakuna aliyebandika neno lolote kuhusu daftari lenyewe likiwa ni vurugu.

Basi nikafanya nilichokuwa nikiwashauri wateja wa steshenari bila wao kunisikiliza. Kwanza nilinakili faili zake zote na kuziweka kando, sikuzigusa tena. Huko nyuma niliwahi kusahihisha hesabu ya mtu juu ya ile ya asili, na siku hiyo hatukujua tena kipi kilikuwa chake na kipi changu. Kisha nikatengeneza jedwali moja refu. Tukio moja, mstari mmoja: tarehe, aina ya kazi, madebe, maelezo. Kitu kimoja, jina moja. Rangi nikazitupa. Kuhamisha miezi ile yote kuliniumiza mgongo na roho, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuandika mambo yasiyohusika pembeni mwa tarakimu. "Mvua." "Mkanda umekatika." "Mama watoto kanuna." Mwaka mzima uliopita nilinuna mara tatu, kwa kumbukumbu zake. Nilikumbuka mbili.

Wageni wa kunipa pole walinikuta na kompyuta mapajani na hawakupenda. Jirani mmoja alimwambia mama mkwe, mimi nikisikia, kwamba zamani mjane alishika tasbihi.

"Anahesabu mali ya yatima," mama mkwe akamjibu. "Kama wewe unajua ibada kubwa kuliko hiyo, tufundishe."

Jirani akanywa chai yake akaondoka.

Lilipokamilika jedwali, kazi iliyobaki ilikuwa tamu. Kwa SUMIF, fomula inayojumlisha kwa sharti, niliitenga gharama ya umeme na mshahara wa msagaji, nikatenga vipuri, grisi na kodi ya kiwanja. Nilijua sasa mashine inahitaji kusaga kiasi gani ili ijilipe yenyewe na kubakiza cha shule: madebe thelathini na nne kwa siku, kila siku ya mwaka. Halafu nikaiomba AVERAGE initolee wastani wa madebe inayosaga. Nikabofya. Arobaini na moja.

Nilipiga kigelegele. Katika eda! Mama mkwe alitoka chumbani mbio, akidhani nimepagawa, na nilipomweleza alinikemea kwanza, ndipo akakaa akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Nilimpigia shemeji simu mchana huo huo. Nikamwambia mashine haijilishi tu, inashiba na kubakiza. Akasema alhamdulillahi, na nilisikia kwamba alifurahi kwa dhati. Watoto waliporudi kutoka shule nikawaambia mashine ya baba yao haiuzwi. Mdogo akauliza kama kiti cha baba pale mashineni kitabaki pia. Nikamwambia kitabaki.

Ningekuwa nimeishia hapo leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini wakati nasubiri eda iishe sikuwa na kazi, na siku moja kikokotoo cha marehemu kilikuwa juu ya meza, na ubishi wake nadhani nao ulibaki ndani ya nyumba. Na nani anaihakikisha? Nikachukua jumla ya madebe yote ya mwaka, nikaigawa kwa siku za mwaka, kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Ikatoka thelathini na mbili.

Nilibofya tena, polepole. Thelathini na mbili. Kompyuta inasema arobaini na moja, kikokotoo kinasema thelathini na mbili, na katikati yake ndiyo ile thelathini na nne inayoamua mashine ife au iishi. Nilijua mmoja wao hasemi uongo lakini hasemi yote, na sikuwa na haja ya kwenda mbali. Niliteremka kwenye jedwali langu zuri, mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza nikazitazama siku zisizo na tarakimu.

Sikuwa nimezijali, kwa sababu zilikuwa tupu. Fomula ya wastani nayo ina tabia hiyo hiyo. Ikikuta sifuri inaihesabu kuwa ni siku, siku ambayo kazi haikupatikana. Ikikuta kisanduku kitupu inakiruka, kana kwamba siku hiyo jua halikuchomoza. Arobaini na moja ilikuwa wastani wa siku ambazo mashine iliwaka. Siku ambazo haikuwaka zilirukwa, lakini mshahara wa msagaji haukuruka, wala kodi, wala karo ya watoto.

Nikampigia msagaji. "Kaka, siku ambazo hakuna kazi mbona hukutuma chochote?"

"Nitume nini, mama?" akashangaa. "Kutuma sifuri ni kama kutuma nuksi. Siku ya kazi natuma. Siku isiyo na kazi, mzee mwenyewe anajua."

Na kweli alijua. Pembeni mwa kila kisanduku kitupu kulikuwa na neno, nami nilikuwa nimeyahamisha maneno yote bila kuyasoma kwa pamoja. Siku kadhaa ziliandikwa "umeme hakuna". Siku moja moja "mkanda". Zilizobaki, nyingi kuliko zote, neno lilikuwa moja: "msiba".

Hapo inabidi nieleze desturi yake. Akifariki mtu yeyote kijijini kwao, awe mkubwa au mtoto wa jana, mashine ilisaga kwanza unga wa kulisha wafiwa na wageni, bila malipo, kisha ikazimwa mpaka kesho yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mashine nyingine ziko barabarani, zinasaga siku zote, na watu wanaelewa kwamba kila mtu anatafuta riziki. Yeye alisema mlio wa mashine unasikika mpaka makaburini, na haiwezekani watu wanamwombea maiti huku yeye anawapigia kelele za dona. Nilijua kwamba anafunga. Sikujua ni mara ngapi. Ukikaa Korogwe, misiba ya kijiji cha mwenzio unaisikia mmoja mmoja, unasema pole, unaendelea kukaanga vitunguu. Pale kwenye jedwali niliiona yote imepangana. Vijiji vyetu vinazika sana.

Niliteremka mpaka mwisho, kwa sababu kazi ni kazi, nikafika kwenye tarehe yake mwenyewe. Faili ya marehemu ilikuwa imeishia siku iliyotangulia. Mistari ya baada yake niliiandika mimi, kutoka kwenye simu ya msagaji, na katika tarehe ile nilikuwa nimeacha kisanduku kitupu bila hata kufikiri.

Niweke nini pale? Kama ni tupu, basi siku aliyokufa haikuwepo. Kama ni sifuri, basi siku aliyokufa ilikuwa hasara ya madebe thelathini na nne. Nililia mbele ya kompyuta mpaka mama mkwe akaja akaifunga kwa mikono yake, akaniambia nikatawadhe.

Sitasema kwamba sikujaribiwa. Shemeji anaijua kompyuta kama mimi ninavyoijua treni: naiona ikipita. Ningemwonyesha arobaini na moja, na fomula nyuma yake, na hakuna binadamu katika ukoo ule ambaye angeuliza kuhusu visanduku vitupu. Nisingekuwa nimeandika tarakimu hata moja ya uongo. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, nikalilisha, likanenepa. Nililojua ni kwamba mali ile si yangu peke yangu. Sehemu yake kubwa ni ya watoto wawili wasio na baba, na mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jirani akasema nahesabu mali ya yatima. Hakusema naipamba.

Nikajaza sifuri. Moja moja, kwa kidole. Wastani ukawa unashuka mbele ya macho yangu, arobaini, thelathini na tisa, thelathini na nane. Sifuri ya tarehe yake niliiacha iwe ya mwisho.

Kisha nikafanya jambo jingine ambalo mchambuzi yeyote wa biashara angelifanya, na ambalo natamani nisingelifanya. Nilijiuliza, je, kama? Nikanakili jedwali, na katika nakala ile nikafuta desturi. Siku za msiba nikazipa madebe ya siku ya kawaida, zile za umeme na mkanda nikaziacha na sifuri zake. Nikabofya wastani. Thelathini na saba. Mashine inajilipa.

Kwa hiyo tatizo halikuwa mashine mpya za barabarani, wala sembe za mifuko za dukani, ingawa nazo zilichangia. Mashine ya mume wangu ilikuwa inakufa kwa ajili ya maiti wa watu wengine. Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia mtu aliye kaburini kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini alijaza pengo hilo kwa kuuza mahindi yake mwenyewe ya shamba, msimu hadi msimu, kama nilivyokuta ameandika pembeni, na kuniacha nidhani ni mashine inayotulisha? Na hasira ilipopoa nikabaki na upweke tu, kwa sababu hapakuwa na wa kunijibu.

Eda ilikwisha. Nilioga, nikavaa nguo nyingine, tukakutana sebuleni pale pale: shemeji, mama mkwe, na mimi na kompyuta. Nilimwambia shemeji kwamba ile arobaini na moja niliyompigia simu kwa furaha ilikuwa ya siku za kazi tu, na nikamwonyesha thelathini na mbili. Nikamweleza visanduku. Nilishangaa jinsi alivyoelewa haraka.

"Ina maana mashine haijilishi," akasema.

"Haijilishi. Ila kuna njia." Nikafungua ile nakala. "Ikisaga siku za msiba kama mashine nyingine, inajilisha."

Akainama akatazama skrini muda mrefu, kama mtu anayetafuta kosa na anatamani alipate. Nilijua alitaka kusema tusage. Alikuwa amenipa ahadi, na mimi nilikuwa nimemtengenezea mlango wa kuitimizia. Akamgeukia mama yake.

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha. "Siku tuliyomzika mwanangu," akasema, "duka lipi lilikuwa wazi?"

Akatoa chuya moja, akaitupa kando.

"Mimi sijui kompyuta. Lakini waliofunga kwa ajili yake ndio watakaokufa mwaka huu na mwaka ujao. Mnataka tuwazike tukiwa tunasaga?"

Shemeji akajikohoza. Akasema basi, tuuze. Alilisema kwa huzuni, na mimi ndiye niliyeitikia kwa kichwa wa kwanza. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, tabia zangu za kazi zilikuwa nzuri, na sijawahi kukichukia kitu nilichokifanya vizuri kama nilivyokichukia kile.

Mnunuzi alikuwa mtu wa mbali, alitaka vinu na mota, banda hakulihitaji. Walipokuja na lori la Fuso nilitangulia Handeni asubuhi. Njia nzima kuanzia kijiji cha Sindeni nilifunika uso kwa mtandio, nikijifanya nina mafua. Msagaji alikuwa ameshafagia, sijui kwa nini, akafagia mpaka nje. Mafundi wakalegeza boliti, wakakinyanyua kile kinu cha kusaga kwa minyororo, kikatoka mlangoni kikimwaga unga wa mwisho uliokuwa umeganda ndani. Msagaji akasimama pembeni, mikono imekunjwa nyuma. Nilimpa kiti cha marehemu akipeleke kwake, maana kwangu nisingeweza kukikalia wala kukitazama. Watoto niliwaambia ukweli baadaye. Mdogo hakulia, aliuliza tu kama baba anajua.

Fuso ilipoondoka nilibaki nifunge banda. Nilikuwa natia kufuli nilipomwona bibi mmoja anapandisha njia na debe la mahindi kichwani, polepole, mkono mmoja umelishika na mwingine una fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiutazama mlango. Alipoona umefungwa alisimama. Akalitua debe chini, akaivuta khanga ya mabegani akajifunika kichwa vizuri, kama wanawake wa hapa wanavyofanya wakiingia penye wafiwa.

"Nani tena, mwanangu?" akauliza. "Nimetoka mbali, sikusikia habari."

"Hakuna aliyefariki, bibi. Wote wazima."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukafunguka. "Kama hakuna msiba basi nitangoja mfungue."

Akajishusha kwa ile fimbo mpaka kwenye msingi wa banda, akaegemeza mgongo ukutani, debe lake kando ya goti. Nilikaa chini karibu naye kwanza. Ndipo nikamweleza.